Ngozi Kabla ya Mbavu

Sanduku lilikaa juu ya kabati la Somoe miaka minne,
likinuka naftalini na ukungu wa masika ya Mtwara.
Ndani: fito sijui ngapi,
upana wa ukucha wa kidole gumba,
na michoro yenye maneno ya Kiholanzi
marefu kama foleni ya kliniki Jumatatu.

Dakta Wauta (ndivyo midomo yetu ilivyoliweza jina lake)
aliniachia siku anaondoka Ligula.
"Wewe una mikono," akasema. Akapanda gari.

Mimi ni mtu wa plasta. Miaka thelathini na mmoja
nimeloweka bendeji, nimenyoosha mapaja ya wakwezi,
viwiko vya watoto walioanguka mikoroshoni,
na kanuni ilikuwa moja:
mfupa kwanza, ngozi itajijua.

Waholanzi wa kale, kumbe, walikwenda kinyume.
Unalaza mkuku,
unaunda tumbo la chombo ubao kwa ubao,
unazishikiza mbao kwa vijibao vya muda,
na mataruma yanaingia mwisho,
kama mgeni anayekuta chakula kimeshapakuliwa.
Nilicheka peke yangu. Ngozi kabla ya mbavu!
Wodi namba tano ningefukuzwa.

Nikatia fito kwenye sufuria ya maji ya moto.
Somoe akauliza, "Leo tunakula tambi za mbao?"
Nikaazima vibanio vyake vya nguo, vyote,
na upepo ukazipeleka shuka zetu
mpaka uani kwa mama Chilumba.

Ubao wa kwanza aliubandika yeye. Na wa pili.
Zimelala sawasawa, kiungo hakipitishi unyoya.
Wa tatu pia ni wake.
Nikausogeza kwenye taa, nikavaa miwani.
Unaanza vizuri kutoka tezi, halafu katikati
unatetemeka.
Gundi imedondoka matone matone;
pembeni penseli imechora, ikafutwa, ikachora tena.

Nimeona mikono mingi. Naujua mkono uliolewa,
naujua wenye haraka. Huu haukuwa hivyo.
Nikakumbuka Aprili ile, mguu wa dereva wa lori la saruji,
alivyonipa nyundo bila kunitazama:
"Piga wewe, Bwana Plasta, mimi nimechoka."
Saa tatu asubuhi.
Mtu amechoshwa na nini saa tatu asubuhi?
Na chai yake, siku zote nusu kikombe.

Kisu kilikuwa mkononi. Maji ya moto yangelegeza gundi,
ningeung'oa, ningeweka mwingine ulionyooka.
Somoe alikuwa anapepeta mchele. Hakusema kitu.

Nikauacha.
Nikauchonga wa nne uufuate wa tatu,
penye kilima bonde, penye bonde kilima,
juma zima, msasa na mate.
Wa tano ukatetemeka pungufu. Wa saba
unahitaji kujua pa kutazama.

Karibu na omo pakabaki pengo la pembetatu,
mahali pa kijibao kilichochongoka.
Kiholanzi sijui wanakiitaje. Mimi nakiita mwizi,
maana kinajipenyeza katikati ya wenye haki zao.
Fito zimekwisha. Nikachukua kijiti
cha kukandamizia ulimi, kutoka boksi nililoondoka nalo
siku ya kustaafu, mtunza stoo hana habari.
Mwizi kamili, basi, na mti wake wa wizi.

Leo nimeng'oa vijibao vya muda.
Kila kimoja kimeacha matundu mawili ya msumari,
nami nayaziba kwa vijiti vya kuchokolea meno,
nakata, nasugua.
Yanabaki makovu, kama ya nyuzi.
Mchoro unayaonyesha pia, nukta kwa nukta.
Meli zenyewe hazikuyaficha.

Kesho mataruma.
Nitayakunja yaifuate ngozi ilivyo,
hata pale katikati.

Somoe anadai vibanio vyake.
Nimemwambia Ijumaa.