Kondoo Hachinjwi Kutaisi

Nachonga funguo Orkomeno, mji uliozungukwa na pamba.
Baridi ile wateja walikuwa haba,
na kufuli la zamani la kanisa lilinibakizia kipande cha shaba.
Nikakikata kondoo.
Pembe mbili, mgongo mpana, na mgongoni watoto:
mvulana mbele, msichana nyuma,
mikono yake kiunoni pa kaka.

Kwetu hakuna asiyekijua kisa.
Mama wa kambo, mbegu zilizokaangwa zisiote,
njaa, uongo, kisu shingoni;
kisha kondoo wa dhahabu akashuka, akasema: pandeni.
Wakaruka kuelekea macheo.
Juu ya mlangobahari msichana akatazama chini.
Basi. Alitazama chini tu.
Mvulana akafika Kolkisi, na shukrani yake kwa aliyembeba
ikawa kumchinja,
ngozi ikatundikwa mwaloni, joka lisilolala likailinda.

Tumboni pa kondoo nikagonga tarakimu sita
na maneno mawili: NIPELEKE KUTAISI.
Nikamtia koponi, kopo nikalificha nyuma ya jiwe la mnara,
siri nikaziachia setilaiti,
waje wale wawindaji wa makopo
na simu zao na viatu vya matope.

Akachukuliwa na daktari wa mifugo wa Kavala
aliyempiga picha juu ya sikio la punda.
Akakaa miezi minne chini ya daraja, bila habari.
Mnorwe mmoja, Torbjørn, akamsahau mfukoni, akampeleka Tromsø:
kondoo wangu gizani, theluji hadi pembeni,
maelfu ya kilomita kinyume cha maagizo.
Nilicheka peke yangu dukani, kisha nikaona aibu kucheka.

Akarudi kusini kwa mkoba wa muuguzi.
Pale Gelibolu, Nurten, mkata tiketi za kivuko, akaniandikia:
"Kondoo wako mzima. Lakini nikuulize,
huyu wa nyuma alikuwa nani? Amefutika."

Nikakuza picha kwa vidole viwili.
Mvulana yupo, na pua yake yote.
Nyuma yake uvimbe laini, kama sabuni inayokwisha,
ila mikono miwili bado imeshika kiuno.
Si kutu, si tupa. Ni vidole gumba.
Kila aliyempokea alimsugua yeye,
yule wa kuanguka,
wakamwonea huruma mpaka wakammaliza.

Dada yangu Areti yuko Adelaide, mwaka wa kumi na moja.
Tuligombania nyumba ya vyumba vitatu na mkomamanga.
Kesi nilishinda mimi.
Makomamanga huanguka, yakapasuka, nyigu wakala.

Septemba kondoo akafika.
Kopo la Kutaisi lilining'inia mwaloni, nyuma ya gereji;
chini yake mbwa mzee, hapati usingizi kwa yabisi ya viungo.
Mwenye mbwa, Tsiala, kondakta mstaafu wa mabasi ya umeme,
akaniandikia kirefu:
babu yake alitandaza ngozi za kondoo mtoni Enguri,
manyoya yakanasa chembe za dhahabu.
"Nyinyi mnaita hekaya. Sisi tuliita Jumatatu.
Na huyu hachinjwi hapa.
Namtundikaje aliyepakia wawili akafikisha mmoja?
Maagizo nimeyabadilisha. Usikasirike."

Hakungoja jibu. Picha ya mwisho
ni dashibodi ya lori, Trabzon, mvua kiooni,
na shingoni pa kondoo karatasi kwa uzi mwekundu:
RUDI MLANGOBAHARINI. KAMTAFUTE.

Hapa saa nne usiku; Adelaide kunapambazuka.
Nambari yake ninayo, kama bado ni yake.
Nimebana kwenye jiriwa kipande kingine cha shaba,
kidogo, urefu wa ukucha.
Nimeanza na uso, nikakosea, nikaanza tena.
Mikono sitachonga.
Mikono iko kule, ndani ya lori,
haijaachia.