Vitanzi vya Leida

Wiki ya tatu, Tartu, theluji imeziba dirisha,
na Maarika amekwama kwenye alama moja tu.
Kitabu cha jalada la kijani: uzito ni moja.
Cha kijivu: ni kutoa moja.
Vyote viwili, anaapa profesa, ni sahihi.

Akafunga vitabu, akapanda basi hadi Haapsalu.

Bibi yake ametandaza shali mbichi kwenye fremu,
misumari pande nne, lesi nyepesi
hata ingepenya kwenye pete.
"Nihesabie," asema Leida, "macho yangu yamechoka."

Maarika huweka rula:
katika sentimita moja ya mraba, vitanzi tisa.
Leida hana rula. Hulaza kidole chake kinene
huku, kisha huku, akanong'ona kwa muda.
"Thelathini na sita."

Nani mwongo?
Mraba wa kidole umemeza miraba minne ya rula,
na hiyo nne, bawabu kati ya vipimo viwili,
ndiyo kibainishi
alichokiandika mara mia bila kukiona.

"Shali imetulia, mwanangu. Mikono ndiyo tofauti."

Tensa ya kawaida hubadili nguo tu mpakani,
kila fahirisi na vazi lake.
Msongamano hubadili nguo, kisha hulipa ushuru:
huyu mara moja, yule mara mbili,
kama kibainishi cha metriki, kilipacho maradufu
mpaka ukitie chini ya kipeuo,
na kwa kuwa huko wakati nao umefumwa ndani,
utangulize alama ya kutoa, ndipo mzizi ukubali kutoka.

Na kitabu cha kijani?
Kinatoka kidoleni kwenda kwenye rula.
Cha kijivu kinarudi.
Nne juu, nne chini: njia ni ile ile.
Wiki tatu! Anacheka peke yake,
chai imepoa, jamu ya karanti haijaguswa.

Leida hajauliza anacheka nini.
Ameinama kwenye kona ya shali, kidole kimesimama.
"Hapa," asema, "kitanzi kilinidondoka."

Maarika huweka rula juu ya tundu.
Sifuri.
Bibi huweka kidole.
Sifuri.
Mara nne, au robo yake,
hakuna ushuru unaotozwa pasipo na kitu.

Leida anatafuta sindano.