Saa Tatu Yako

Sheria inajulikana: hewani ni Kiingereza,
maneno machache, yaliyopigwa pasi,
na unaloambiwa ulirudishe kama lilivyo
ili aliyelituma asikie limefika.
Nimeifundisha sheria hiyo miaka tisa
katika mnara wa Wilson,
chai ya tangawizi ikipoa kando ya kipaza sauti.

Lakini Okisai alikuwa amemzika mama yake Ijumaa.
Jumatatu alikuwa kazini, ndege tupu,
magunia ya miraa ameyaacha Wajir,
akaita kutoka juu ya mbuga, sauti imekwaruzika.
Nikamwambia, "Pole."
Na ukishasema pole
Kiingereza hakirudi upesi,
kinasimama mlangoni kama mgeni aliyekuta msiba,
kofia mkononi.

Ilikuwa Julai. Ukungu ulikuwa bado umeilalia Ngong.
Upande huohuo, akiuzunguka uwanja, alikuwepo Nashipae,
mwanafunzi, peke yake angani kwa mara ya kwanza,
Sesna nyeupe juu ya mawingu meupe.

"Ndege nyingine," nikasema, "saa tatu yako, yaja kwako."

Saa tatu.
Kwetu Mwingi saa ilikuwa moja tu, ukutani, dukani kwa mjomba.
Mshale mfupi ulipogusa tisa
tulisema saa tatu, mjomba akafungua dirisha la kuuzia.
Jicho lilisoma tisa, mdomo ukasema tatu,
wala hakuna aliyejikwaa.
Tatu yangu ilikuwa kushoto.

Yake ilikuwa kulia.
Alisikia tatu, akatazama tatu,
namba yenyewe, pale ilipochorwa,
akaona Barabara ya Mombasa, moshi wa viwanda,
jua limemjaa machoni.
Akajibu: "Haya."

Mimi nilisikia: nimeiona.
Yeye alimaanisha: haya, sema basi, iko wapi?
Nikamgeukia rubani wa watalii aliyekuwa akisubiri kuruka.

Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu baadaye kwenye kanda:
mkwaruzo, kikohozi cha mtu,
mimi nikimtakia mwingine safari njema.
Kisha pumzi ya Okisai. Si neno. Pumzi,
kama ya mtu aliyekosa ngazi gizani.

Alipita chini ya yule msichana.
Aliniambia aliona gurudumu,
tope kwenye gurudumu,
na unyasi mmoja ulionata kwenye tope.

Nashipae hakuona kitu.
Alikuwa akijisomea orodha yake kwa sauti, kama dua.
Akatua, akadunda mara mbili, akasimama,
na wenzake wakamlaki kwa ndoo ya maji, ndiyo desturi,
wakammwagia, akacheka hadi akaketi kwenye lami.
Okisai na mimi tulisimama kando ya hangari
tukipiga makofi pamoja na wengine.
Mikono yake ilikuwa ikitetemeka; akaiacha ipige.

Mchunguzi aliirudisha kanda mara nne.
"Hapa alisema nini?"
"Alisema haya."
"Haya ipi?"
Kwenye fomu hapakuwa na nafasi
ya ile nyingine, iliyokuwa ikinipanda shingoni
nikishindwa kumtazama Okisai,
ambaye alikuwa akimwambia mchunguzi,
polepole, kwa Kiingereza safi,
kwamba kosa lilikuwa lake.
Nikasema ni langu.
Tuligombea kosa lile kama bili ya chakula.

Siku hizi tukikutana kantini huniuliza saa ngapi
nami simtajii.
Namgeuzia kifundo cha mkono, uso wa saa ukimwelekea.
Huinama, husoma mishale yote miwili,
husema alichokiona,
nami hukirudia, neno kwa neno,
na mama muuza chapati hututazama
kama watu wawili waliochelewa kwenda shule.