Vikombe vya Saa

Kazi yangu ni kukaa.
Suruali nimeikunja hadi magotini,
kinywani mrija, mkononi kurunzi iliyofungwa kitambaa chekundu,
na mguu wa kushoto, huu wenye kovu la shoka,
nimeunyoosha barazani kwa Mama Bogese
kama bidhaa isiyo na bei.
Tambuu siruhusiwi. Mdomo una shughuli.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu mgeni hapigi hodi.
Anatua kiuno juu, kichwa chini,
kama aliyesujudu,
na kabla hajatia nia namvuta, fyuu,
ndani ya mrija, ndani ya kikombe cha karatasi
kilichoandikwa saa ubavuni.

Vikombe kumi na viwili, kila kimoja saa yake.
Sita vya Tahalata, tangu jua kuzama.
Sita vyangu, tangu saa sita ya usiku mpaka jogoo.

Usinione hivi. Miaka ile ya kwanza
usiku wa manane nilikuwa mfalme:
mbu arobaini, mbu hamsini kwa saa moja,
kikombe kinavuma kama redio iliyokosa stesheni,
na Lagusu wa darubini, akifika alfajiri na boti ya wizara,
hunipiga begani: “Mguu wako una asali.”
Nikazunguka Sigolana nzima
nikijigamba kwa kuliwa.

Kisha vikaja vyandarua.
Vya buluu, kila kitanda kimoja,
hata kwa mzee Havimei anayelala na mbwa wake.
Kuta zikapulizwa dawa, mende wakafa chali,
kuku wa Mama Bogese wakala mende,
maneno yaliyofuata siyarudii hapa.

Na vikombe vyangu vikaanza kunyamaza.
Ishirini.
Tisa.
Mmoja.
Juzi, kati ya saa nane na saa tisa, nilimpata nondo.
Nikamwandika. Lagusu akamkata kwa wino.

Tulidhani wamekwisha.
Kumbe mbu hajui kusoma, lakini saa anaijua.
Aliyefungiwa mlango usiku wa manane
karudi saa moja, mlango u wazi,
magimbi yako motoni,
kengele ya sala inalia,
mpira wa wavu bado uko hewani.
Vikombe vya Tahalata ndivyo vinavyovuma sasa,
cha kwanza na cha pili,
halafu kimya hadi kunapambazuka.

Lagusu alitandaza karatasi juu ya ngalawa iliyopinduliwa,
mistari miwili, wa zamani na wa sasa.
Kilima kilichokuwa katikati ya usiku
kimehama, kimekuja kukaa jioni.
“Unaona?”
Niliona.
Saa moja ni saa ya Ethelda,
binti yangu wa darasa la tano,
anayefanya hesabu barazani kwa taa ya sola,
miguu inaning'inia,
mrija hana, soksi hana,
wala mtu wa kumwandika.

Mwezi wa pili homa ilimtikisa hadi kitanda kikagonga ukuta.
Chandarua kilikuwa juu yake,
kimechomekwa vizuri, pembe zote nne.

Jana wameniambia zamu ya manane imefutwa.
Nilifurahi. Kisha, Mungu anisamehe,
niliona wivu juu ya mguu wa Tahalata.

Leo sina kazi.
Jua limezama, ndani ni tanuri,
Ethelda amekataa kuingia.
Basi nimeketi kando yake,
nimekunja suruali bila mshahara,
nimeunyoosha mguu ule wa kushoto
karibu kabisa na wake.
Huku, nasema kimoyomoyo. Njoo huku, asali iko huku.

“Baba, robo tatu ukitoa nusu?”
“Robo,” nasema,
macho yangu hayajatoka kwenye kifundo cha mguu wake.