Pimamaji

Pimamaji ya Kibwana ilipotea Amarillo,
au aliisahau kwa makusudi.
Miaka ishirini na sita kule Minneapolis
iliziamulia kuta za wenyewe,
na hakuna ukuta uliowahi kumwambia ahsante.
Sasa kila tukiegesha
natoa yai kwenye friji,
naliweka mezani, naliachia.

Likikimbilia dirishani, tairi la kulia limezama.
Likinijia mimi, Kibwana anashuka na vibao vyake
akinong'ona matusi ya Kizigua
ambayo jangwa la Arizona halijapata kuyasikia.
Juzi liliniponyoka.
Nikapiga deki nyumba nzima,
hatua tisa kwenda, tisa kurudi,
na nyumba ile tuliyoiuza, vyumba vinne na ghala,
sikuwahi kuijua kwa magoti hivi.

Mji unaitwa Ajo.
Kwa Kihispania, wanasema, ni kitunguu saumu.
Pana shimo la shaba lililoachwa wazi,
pana dungusi walionyanyua mikono
kama watu waliosimamishwa na askari
akasahau kuwaruhusu.

Mshale wa tangi letu ni mwongo.
Asubuhi nusu, jioni nusu,
nusu hata bomba likikohoa hewa.
Kwa hiyo nasikiliza: nagonga tangi kwa kidole
kama mnunuzi wa tikiti.
Jirani yetu Verna, wa Saskatchewan,
miaka themanini na mmoja, goti moja la chuma,
alinikuta nikigonga akacheka mpaka akakaa chini.
Yeye alikuwa akioga kwa dakika mbili za hofu.
Nikampa ndoo na kopo.
Anza kichwani, nikamwambia, maji yanajua njia.
Kesho yake alibisha hodi, nywele zinadondoka:
galoni moja na nusu!
Miaka kumi na minne yuko njiani
na hakuna aliyemwambia.
Nami nilidhani kopo nimeliaga
siku nilipopata bafu la vigae.

Maktabani kijana aliniuliza anwani.
Nikamwambia sanduku la barua, Dakota Kusini.
Unaishi huko? Nililala usiku mmoja.
Basi unaishi wapi?
Nikamwonyesha dirishani, upande wa pili wa barabara,
chini ya mnazi usio nazi:
pale, mpaka Jumanne.
Akaandika. Sijui aliandika nini.
Nilitoka na vitabu vitatu.

Ugomvi ndio haukupewa chumba.
Hakuna mlango wa kuubamiza ila mmoja,
nao unakwama.
Ijumaa, kwa ajili ya ramani, Kibwana alitoka nje
akaanza kuizunguka gari.
Dirisha la jikoni: kofia.
Dirisha la kitanda: kofia.
Kioo cha mbele: kofia, na ndevu zimekaza.
Mzunguko wa nne nikaweka kikombe cha chai
ukingoni mwa dirisha, sikusema neno.
Wa tano kofia ilipita.
Wa sita kikombe hakikuwepo.

Usiku simu hushika mtandao
ukisimama juu ya ngazi, umeegemea kushoto.
Nasra, mjukuu, ana miaka saba
na Kiswahili chake kina theluji.
Kitendawili, nikamwambia.
Tega!
Nyumba yangu haina mlango.
Hakuwaza hata kidogo:
Gari lenu, bibi! Si ulisema mlango umekwama?
Nikacheka, nikaingia ndani,
nikaigeuza kamera ielekee mezani
aone jibu limekaa peke yake
chini ya taa ya sola.
Mtandao ukakatika.
Nilibaki nimeishika simu, nikilitazama.
Nyuma ya pazia Kibwana akajigeuza usingizini,
springi zikaguna,
na yai, taratibu,
likasogea upana wa kidole.