Maji ya Chokaa

Ukikwaruza plasta ya chumba hiki kwa ukucha
utakuta nyota ndogondogo zimejipanga:
vinywa vya matumbawe waliyoyakata mababu
yakawa nyumba.
Chokaa imevifumba miaka mia mbili.
Chini yake, juu ya meza ya mbambakofi,
nimeweka kisanduku cha kioo, lita sitini za bahari,
na ndani yake kipande kisichozidi kidole gumba
ambacho vinywa vyake bado vinafumbuka.

Nanga ndiyo iliyokivunja, Manda Toto.
Badi wa idara ya samaki aliniandikia kibali huku akicheka:
"Fundi wa simu afuge jiwe?"

Lakini jiwe hili lina njaa,
na njaa yake ni mwanga.
Taa nimeiunga mwenyewe, vibalbu arobaini na vinane,
vyeupe kumi na viwili, vilivyobaki buluu,
juu ya bamba la alumini na feni ya kompyuta iliyokufa.
Siku ya kwanza niliiwasha yote, kwa pupa.
Jiwe likasawijika, kisha likawa jeupe upande wa juu
kama uso wa aliyepashwa habari ya msiba.
Kumbe nuru nayo hupimwa kwa kijiko.
Nikalishusha mchangani, nikafifisha taa hadi robo,
kila Ijumaa nikaongeza
kidogo,
kama anayemzoesha mgonjwa kula.
Wiki ya tisa rangi ikarudi, kahawia kwanza,
halafu zambarau ya biringani changa.

Wapita njia wakiona buluu inamwagika dirishani
huuliza: "Hapa pana arusi au pana hospitali?"
Mama huwajibu kutoka ndani, tambuu shavuni:
"Binti yangu kaolewa ni iwe.
Lanwa stima kushinda kiwanda cha barafu."

Jiwe hujijenga kwa chokaa.
Duka lenye dawa zake liko Mombasa, na bei iko mbali zaidi.
Nikatazama kijaluba cha Mama.
Nusu kijiko cha chai, lita nne za maji ya mvua,
yatulie hadi juu yawe masafi,
kisha usiku, kwa mpira wa dripu:
tone,
nahesabu hadi tatu,
tone.
Chokaa hii ilichomwa kwa matumbawe.
Namlisha mtoto mifupa ya nyanya yake
na mtoto anakua.
Sijui jambo hilo huitwaje.

Mwezi wa tatu, joto limesimama vyumbani kama mgeni asiyeketi,
tokeni zilikuwapo, stima haikuwapo.
Kisiwa kizima giza, nami niko Faza kwa binamu.
Nikapiga simu: Mama, yakoroge maji, usiache.
Akakata bila kunijibu.

Nilirejea saa tatu asubuhi.
Nikamkuta kwenye kigoda, upawa mkononi,
kanga mbichi imezungushwa kiooni kukipoza,
mkono wake wa kulia hauinuki.
"Usiku huu halikunwa stima," akasema.
"Limeninwa mimi."

Leo nimelipima kwa rula ya shule.
Nchani pana weupe mpya, wa afya, si ule wa ugonjwa,
milimita mbili, mwembamba kama mwezi wa kuandama.
Nimechora mstari wa penseli kwenye plasta, na tarehe.
Juu yake, kwa penseli nyingine iliyofifia,
ipo mistari ya kimo changu: miaka sita, saba, tisa.
Wa nane sijui ulikwenda wapi.
Mama amepita, amechungulia,
amechukua kijaluba chake, amekitikisa sikioni.
"Nibakishie," amesema. "Nami natafuna."