Fumbo la Mia na Ishirini

Muuguzi aliniandikia kwenye karatasi ya dawa,
kwa herufi kubwa, akijua macho yangu:
MCHICHA. KAROTI. BROKOLI.
Miaka thelathini na moja nashona kofia za viua hapa Shela, Malindi,
tundu moja kama jicho la sisimizi;
sasa uzi naupitisha kwa kubahatisha,
na wateja nao hubahatisha kunilipa.

Mchicha naujua. Karoti naijua.
Hiyo ya tatu niliifuata sokoni kwa Nyevu,
aliyeipanga peke yake juu ya gunia bichi
kama bibi harusi asiyetakiwa kuguswa.
"Ngapi?"
"Mia na ishirini."
"Fungu?"
"Kichwa."
Nikacheka. Kwa mia na ishirini
kisamvu hujaa sufuria, na nazi yake, na ndimu juu.
Yeye hakucheka.
"Imelala kwenye basi tangu Limuru, baba.
Nauli yake umelipa wewe?"

Akanifundisha, maana jua lilikuwa kali na wateja hawapo:
kiwe kigumu, kizito kuliko kinavyoonekana;
kigeuze, utazame bua lilipokatwa,
likiwa na shimo katikati, limezeekea shambani.
"Waitaliano hukinusa kwanza," akasema.
"Wananusa nini, mimi sijui."

Nikakisogeza puani, na macho yakafika pamoja na pua.
Vitone, maelfu, vimebanana,
hakuna uzi uliolegea,
kazi ya miezi mitatu na shingo kuuma.
Nikauliza, kama fundi amuulizavyo fundi: nani kashona hiki?
Nyevu akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.
Nikalipa mia. Ishirini ikabaki deni.

Mwanasha alikipika kama apikavyo kunde:
saa nzima, mfuniko juu.
Nyumba ikanuka yai la wiki jana.
Jirani akafunga dirisha bila kusema neno,
na neno tukalisikia.
Mara ya pili, dakika tatu kwenye maji ya chumvi,
kisha tui zito na kitunguu saumu.
Bua alitaka kulitupa; nikalimenya kama muwa,
kumbe ndani ni tamu kuliko kichwa.
(Binadamu nao wako hivyo, angesema mwalimu wangu wa chuoni.
Mimi nasema: lilikuwa bua.)

Cha tatu tulikisahau.
Harusi ya Kidawa, Mambrui, siku tano,
nacho kimesimama dirishani ndani ya kikombe cha maji.
Tuliporudi kimegeuka manjano.
Nikavaa miwani. Hakikuoza.
Kila kitone kimefumbuka,
vijani vinne, vinne, vinne, kama vishikizo vya kanzu,
na nyuki mmoja, sijui katokea wapi, anafanya hesabu.
Basi ndilo fumbo lenyewe:
tulikuwa tukinunua matumba,
tukila maua yakiwa bado yamefumba macho.
Na mimi, miaka thelathini na moja ya viua,
sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini vinaitwa viua.

Nikampelekea Nyevu. Miaka sita anaiuza,
ikianza tu manjano huwatupia mbuzi.
Hakuwahi kungoja.
Alikishika kwa mikono miwili, kimya,
akatafuta kopo la nyanya, akatia maji,
akakisimamisha mbele, penye vitunguu.
Nikamlipa ile ishirini.

Kisha nikakaa kivulini, niondoe jua machoni.
Watu walipita wakauliza bei.
Wa kwanza akaambiwa hakiuzwi. Wa pili vilevile.
Wa tatu, mama mwenye mtoto mgongoni, akatoa noti ya hamsini.
Sikungoja nisikie jibu.
Nyumbani kulikuwa na kofia ya mtu, nusu,
na kibunda cha uzi wa manjano
ambao sijawahi kuutia kwenye kofia nyeupe.